Rasta na Luyaaye si ushahidi wa wizi

Kampala ukipita na rasta, suruali imeshuka kiunoni, Luyaaye, lugha ya vijana wa mitaani, mdomoni, wengi wanakuhesabu mwizi, au mtu anayeiga "majambazi weusi wa Marekani". Hilo la pili ndilo linaloniudhi. Dhana kwamba mweusi ni mhalifu kwa asili ilikuzwa huko ili kuhalalisha ubaguzi. Sisi tunaibebaje hadi mtaa wetu wa Kamwokya na kuwatwisha watoto wetu?

Rasta zenyewe zilienezwa na Marasta wa Jamaika, vuguvugu lililoanza miaka ya 1930 na kuwafundisha weusi kujiheshimu. Luyaaye nayo ni ya hapa hapa, mchanganyiko wa Luganda, Kiingereza na Kiswahili. Mtazame fundi simu wa mjini: anapanga skrubu juu ya sumaku huku akitaniana na mwenzake kwa Luyaaye, mzee akifika anageuza lugha kwa heshima, "Karibu ssebo (bwana), njoo uichukue saa kumi."

(Mwaka 2023 kesi za mabati ya msaada ya wahitaji wa Karamoja, yaliyodaiwa kuchepushwa, ziliwafikisha mahakamani mawaziri. Sikuona rasta kizimbani.)

Mwajiri anaweza kudai sare kazini. Hiyo ni kanuni ya kazi, haipimi tabia ya mtu.