Nguvu ya misuli: komba anarukaje juu hivyo?

Ukisoma habari za komba, yule mnyama mdogo wa usiku mwenye macho makubwa, hukawii kukutana na madai kwamba binadamu angekuwa na misuli kama yake angeruka mpaka juu ya paa la ghorofa. Yanafurahisha, ila yana kasoro. Gramu kwa gramu, misuli ya komba haina maajabu makubwa. Anachotuzidi ni namna anavyoutumia muda.

Katika fizikia, nguvu ya msuli ni kazi iliyofanywa na msuli, yaani nishati uliyoitoa, ikigawanywa kwa muda uliotumika, na kipimo chake ni wati. Isichanganywe na kani, yaani msukumo wenyewe. Ukisukuma ukuta mpaka jasho likutoke, kani ipo, lakini ukuta usiposogea hujaufanyia kazi yoyote, kwa hiyo nguvu unayoupa ni sifuri.

Sasa tumchukue komba wa gramu 200 hivi. Katika vipimo vya miaka ya 1960, komba mdogo alirekodiwa akiruka wima hadi mita 2.25. Tuseme mwili wake umepanda mita 2 kamili baada ya miguu kuacha ardhi. Nishati inayohitajika ni kama jouli 4 tu (jouli ni kipimo cha nishati), kidogo mno. Lakini lazima ajisukume huku miguu bado imegusa chini, na miguu hiyo ni mifupi: akichuchumaa kisha akainyoosha yote, mwili unasafiri sentimita 16 hivi. Ili aondoke kwa kasi ya zaidi ya mita 6 kwa sekunde ndani ya umbali huo, ana takriban sehemu 5 za mia za sekunde. Gawanya: jouli 4 kwa sekunde 0.05 ni wati 80. Misuli ya kurukia ikiwa robo ya uzito wake, yaani gramu 50, kila kilo ya msuli ingepaswa kutoa wastani wa wati 1,600.

Hapo hesabu inagoma. Misuli bora ya wanyama wenye uti wa mgongo hufikia wati 400 hivi kwa kilo. Msuli una tabia moja isiyokwepeka: ukijikunja kwa haraka, kani yake hupungua, na ukitaka kani kubwa sharti ujikunje polepole. Haupati vyote viwili kwa pamoja.

Komba anaikwepa shida hiyo kwa kano, zile kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa. Anapochuchumaa, misuli minene ya mbele ya paja huanza kuvuta kabla miguu haijanyooka, na kano zinatanuka na kuhifadhi nishati. Kisha zinaachia kwa mpigo, kama mpira wa manati: mkono umevuta taratibu, jiwe linatoka kwa kasi ambayo mkono peke yake usingeifikia. Kano haziongezi hata tone la nishati. Jouli ni zilezile zilizotoka kwenye msuli, ila zimetolewa kwa muda mfupi zaidi, na nguvu ikapanda.

Mifupa nayo inasaidia. Kwa komba na tasia, yule mnyama mdogo wa visiwa vya kusini mashariki mwa Asia, mifupa ya kisigino na kifundo imerefuka kuliko kawaida. Kila sentimita inayoongezeka kwenye mguu huongeza umbali wa kujisukuma, hivyo muda nao huongezeka.

Yale madai ya ghorofa, basi, yanavunjwa na hoja ya zamani. Giovanni Borelli, mtaalamu wa Italia wa karne ya 17, aliona kwamba msuli hutoa kazi kulingana na ukubwa wake, na mwili nao huwa mzito kulingana na ukubwa wake. Ukimkuza komba awe na uzito wa mtu, nishati kwa kila kilo inabaki ileile, kwa hiyo angepanda zilezile mita mbili na kitu. Kinachobadilika ni muda: miguu mirefu husukuma kwa muda mrefu zaidi, na haja ya manati inapungua. Ndiyo maana sifaka, aina ya lema (jamaa wa komba) wa Madagaska mwenye kilo kadhaa na mapaja marefu, halazimiki kuachia nishati yake upesi kama komba, na bado huruka mita 9 hivi kutoka shina hadi shina.