Kantini ya hospitali inalisha wodi, basi tuipime hivyo

Watu wakinilalamikia kuhusu kantini za hospitali huanza na bei, kisha ladha. Wali mkavu, chai nyepesi, chapati ngumu za jana. Nayaelewa malalamiko hayo. Lakini mimi ni afisa lishe katika hospitali ya mkoa hapa Tanzania, na nikiingia kantini natazama zaidi hatima ya ile sahani: inaliwa pale pale mezani, au inafunikwa na kupandishwa wodini?

Kwenye makaratasi kantini ni ya wafanyakazi na wageni. Hali halisi ni kwamba katika hospitali zetu nyingi mgonjwa hula anacholetewa na ndugu zake, asubuhi, mchana na jioni, muda wa kuona wagonjwa. Mwenye nyumba mjini hupika kwake akaja na hotpoti. Aliyemsindikiza mgonjwa kutoka wilayani hana jiko, pengine hata pa kulala amepata kwa taabu. Huyo hununua kantini, au kwa mama ntilie wa getini. Kwa hiyo chakula kilichopangwa kwa ajili ya mtu mzima na mwenye afya kinamfikia kijana aliyevunjika paja, mama aliyejifungua kwa upasuaji, mzee mwenye kisukari na presha. Ukilijua hilo, huwezi tena kuihesabu kantini kama duka tu lililopanga ndani ya uzio wa hospitali.

Tuanze na wodi ya mifupa, ambako majeruhi wengi ni wa bodaboda. Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kidonda kikubwa anahitaji zaidi, na sisi wa lishe hulenga gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kilo. Kijana wa kilo 60 basi anatakiwa apate gramu 75 hadi 90 kwa siku. Asipozipata, mwili unaanza kula misuli yake wenyewe, kidonda kinachelewa kufunga, na mgongo uliolaliwa wiki nzima unachubuka.

Sasa iangalie sahani yake ya wali maharage. Maharage yaliyoiva yana kama gramu 9 za protini katika kila gramu 100, na hapo nasema maharage yenyewe, si mchuzi. Mambo yote yako kwenye upawa. Mpakuaji akichota juu juu bila kukoroga, anapakua maji yenye rangi na harufu ya maharage. Niliwahi kuomba nipakuliwe kama mteja mwingine yeyote, nikachuja ule mchuzi: punje zilizobaki kwenye chujio hazikujaza kiganja. Ukiijumlisha na protini ya wali wenyewe, sahani ya namna hiyo haifikishi gramu 15. Mgonjwa ameshiba, ndugu amelipa, na mfupa haujapata cha kujengea.

Dawa yake si nyama kila siku, maana wengi hawaimudu. Yai moja lina kama gramu 6. Na dagaa! Dagaa wakavu wa Ziwa Victoria, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Gramu 30 tu zinakupa zaidi ya gramu 15, na juu yake kalisi ya mifupa inayoliwa pamoja na samaki. Hata hivyo ni nadra kuwakuta dagaa kantini. Nimeambiwa mara nyingi kwamba ni chakula cha shida, kwamba harufu inafukuza wateja. Dagaa waliochambuliwa vichwa, wakaoshwa mchanga, wakakaangwa kidogo na kuungwa kwa nyanya, kitunguu na limau, watu wanawamaliza. Ningependa kila kantini ya hospitali iwe na sufuria ya dagaa kila siku ya kazi, na sioni sababu ya maana ya kukosekana.

Lakini chakula ninachokihofia zaidi kantini ni wali, kuliko hata nyama. Mchele huja na bakteria aitwaye Bacillus cereus kutoka shambani, na mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu zinaamka, bakteria wanazaliana na kuacha sumu. Ile sumu inayotapisha haiharibiki hata ukiupasha wali upya mpaka ufuke mvuke. Kinga yake ni joto na muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kibaki na joto la juu ya nyuzi 60, au kipoozwe haraka na kuwekwa kwenye friji chini ya nyuzi 5. Nje ya hapo, kisikae zaidi ya saa 2.

"Mama, wali huu uliiva saa ngapi?"

"Saa tano, daktari. Lakini nimeufunika vizuri."

Mazungumzo hayo yalikuwa saa kumi na mbili jioni, foleni ya ndugu wa wagonjwa ikiwa imefika mlangoni. Alikuwa ameufunika vizuri kweli, kwa mfuniko na kitambaa safi juu yake. Nzi hawakuingia. Joto, hata hivyo, lilikuwa limetoka zamani. Ukiugusa wali ule ulikuwa kama mkono wa mtu. Sikumlaumu yule mama. Amepewa jiko moja na sufuria moja kubwa, na mkaa anaununua kwa hesabu. Kinachotakiwa ni kupika mara mbili kwa sufuria ndogo, au kuweka meza ya maji ya moto ya kuhifadhia chakula, pamoja na kipimajoto cha jikoni kinachotumbukizwa katikati ya sufuria. Mtu mwenye afya akitapika usiku mmoja, kesho yake anaendelea na shughuli zake. Aliyetoka chumba cha upasuaji jana, akitapika, anakaza mshono mbichi na dawa zake zinatoka pamoja na chakula.

Dawa nazo hukutana na chakula tumboni. Mgonjwa wa malaria anayemeza dawa mseto ya ALu anahitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe vizuri, na glasi ya maziwa inatosha. Mama mwenye upungufu wa damu akinywa chai pamoja na maharage au mchicha, chai inapunguza madini ya chuma anayofyonza. Akila chungwa badala yake, anaongeza. Kantini inayouza chai na maandazi peke yake asubuhi haijamsaidia mama huyo.

Chumvi sitaichambua sana. Kiwango ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Wapishi wengi huonja mchuzi, wakatia chumvi, kisha wakavunjia vile vipande vya kiungo ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi pia. Kitunguu saumu, tangawizi na limau vinaweza kubeba mchuzi huo vizuri tu.

Haya yote huamuliwa kabla moto haujawashwa, siku mzabuni anaposaini mkataba. Mikataba niliyoiona inazungumzia kodi, usafi wa eneo na saa za kufungua. Bwana afya akija anakagua maji, choo, na vyeti vya wapishi vya kupima afya, na anafanya vema. Hakuna anayeulizwa kuhusu punje za maharage kwenye upawa. Hospitali inayodai kodi kubwa kutoka kwa mzabuni ijue kwamba fedha hiyo inatoka kwenye sahani: maharage yanapungua, mafuta ya karai yanarudiwa mpaka yawe meusi. Ningependa mkataba utaje uzito wa maharage, dagaa au nyama kwa kila sahani, joto la chakula wakati wa kupakua, na kumpa afisa lishe haki ya kupima bila kutoa taarifa.

Mpaka hapo patakapofika, wewe unayenunua kwa ajili ya mgonjwa, omba mpakuaji akoroge sufuria hadi chini. Ongeza yai la kuchemsha, acha soda. Jioni uliza wali umeiva saa ngapi. Kama ni wa mchana, chukua ugali uliosongwa sasa hivi au mtori unaochemka. Na kama mgonjwa wako ana tatizo la figo, usinunue chochote kabla hujamwona afisa lishe wa wodi, kwa sababu maharage, machungwa na ndizi za mtori zina potasiamu nyingi, nayo ikizidi kwenye damu yake inaweza kusimamisha moyo.