Kabla ya kununua mfumo, fuata gunia moja

Wenye mashine za kukoboa mpunga kule Igurusi na Ubaruku, mkoani Mbeya, wakinipigia simu, wengi huanza hivi: "Kaka, tutengenezee mfumo." Ukiuliza mfumo wa kufanya nini, utaambiwa daftari limezidiwa, mizigo haionekani, wakulima wanagomba. Yote ni kweli, ila hakuna programu inayoandikwa kutokana na malalamiko.

Kwa hiyo naomba kwanza nifuate gunia moja, kuanzia linaposhushwa hadi mchele wake unapoondoka. Bosi atakuambia kazi anavyoitaka iende: mzigo unaingia, unapimwa, unaandikwa, unakaa stoo, unakobolewa, unauzwa. Karani atakuambia kinachoandikwa. Kinachotokea hasa, waulize makuli.

Chukua mfano wa kaunta buku niliyoonyeshwa na karani mmoja. Pembeni ya baadhi ya majina kulikuwa na nukta ya kalamu nyekundu, na bosi mwenyewe hakuwahi kuuliza ni ya nini. "Huo umekuja mbichi," karani akanieleza, "bado uko kwenye turubai." Nukta hiyo ndiyo ilikuwa imebeba ugomvi wote. Mpunga wa kukoboa unatakiwa uwe na unyevu wa kama asilimia 14. Ukipokea kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20, ukazianika hadi zifike 14, utabaki na kilo 93 hivi. Hakuna aliyeiba, ni maji yamekwenda. Sasa tengeneza programu yenye nafasi ya uzito mmoja tu: mkulima atapata ujumbe wa kilo 100 mwezi wa sita, kisha mwezi wa kumi na mbili, bei ikishapanda, aambiwe ana 93. Hapo umemtengenezea ushahidi wa wizi ambao haukutokea.

Majina mengine yalikuwa yamezungushiwa duara: hao wamechukua hela ya awali, na mzigo wao hautoki mpaka deni liishe. Halafu kuna baba anayeandikisha mpunga kwa jina la mkewe. Nani anaruhusiwa kuutoa? Karani anawajua wote kwa sura. Kompyuta haimjui mtu, na karani naye kuna siku atakwenda likizo.

Kuhusu gunia lenyewe sitasema mengi. Lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo, zipo, japo sheria ya vipimo imeweka kikomo cha kilo 100. Hesabu kwa kilo, basi.

Hatua za kufuta nazo zimo. Hapo uzito uliandikwa getini, ukaandikwa tena stoo, na jioni ukanakiliwa kwenye daftari la bosi. Hilo la jioni halikuwa na kazi yoyote zaidi ya kumtuliza mzee, likafutwa bila hata kuwasha kompyuta. La stoo nalo lilionekana ni marudio matupu, kumbe makuli wanalipwa kwa gunia na hesabu yao inatoka pale. Lifute leo, kesho saa tatu asubuhi hakuna atakayeshusha mzigo. (Watu wa mifumo tunapenda sana kufuta. Tuulize kwanza nani analipwa kwa karatasi ile.)

Baadaye nachora kwenye manila, kila mhusika na mstari wake, tunakaa wote na kuulizana: umeme ukikatika mzigo ukiwa nusu umekobolewa? Mkulima akifariki mpunga uko stoo? Majibu ya maswali haya ndiyo huchukua muda mrefu kuliko yote, na wakati mwingine bosi na karani wanagundua mbele yangu kwamba kila mmoja alikuwa na jibu lake.

Mzee mwenye kaunta buku ile, mchoro ulipokamilika, alinunua kipima unyevu, akaamuru kila mzigo mbichi upimwe mara mbili na mkulima awepo mara zote mbili. Mimi alinilipa hela ya mchoro. Habari ya programu tumeisogeza hadi msimu ujao.