Meseji inasema pampu inamzoesha mtoto, naomba usome hapa kwanza

Juzi kliniki mama mmoja kanionyesha simu yake, kuna meseji imepita kwenye grupu la WhatsApp la wazazi inasema pampu ya pumu inamzoesha mtoto mpaka mapafu yanakuwa mavivu, na yeye alikuwa ameshaificha ile ya brauni kabatini wiki tatu. Mtoto ana miaka saba, anakohoa usiku kucha.

Mimi ni daktari wa watoto na hiyo meseji ndo naiogopa kuliko zote, kwa sababu inafanana na kile mzazi anachokiona nyumbani. Yaani iko hivi, pampu ya bluu (salbutamol) inafungua njia ya hewa kwa masaa machache tu, ule uvimbe wa ndani haiugusi, anayetuliza uvimbe ni beclometasone, mara nyingi ndo hiyo ya brauni, na inatumika kila siku hata mtoto akiwa mzima. Sasa ukiacha ya brauni ukabaki na bluu, uvimbe unaongezeka, mtoto anaihitaji bluu kila mara, afu unasema si unaona kazoea! Hajazoea, hajatibiwa.

Na hilo neno steroidi linawatisha wazazi sana. Beclometasone ni steroidi kweli, ila hiyo ya kuvuta tunahesabu kwa maikrogramu, mtoto huyo dozi ndogo ni kama 100 mpaka 200 kwa siku. Akizidiwa akapewa prednisolone ya kumeza, ambayo nayo ni steroidi, akiwa na kilo 20 anaweza kupata miligramu 20 na zaidi kwa siku moja, na miligramu moja ni maikrogramu elfu moja, piga hesabu mwenyewe.

Mimi nikikuta habari ya pumu mtandaoni naanza kuisoma chini. Kama chini kuna namba ya simu ya kuagizia dawa, na huko juu wameahidi kuponya kabisa kwa siku kadhaa, naacha hapo hapo, pumu tunaidhibiti, hatuna dawa ya kuifuta. Afu naangalia tarehe, maana hata sisi tunabadilika, mpaka 2019 ndo GINA (shirika la kimataifa linalotoa mwongozo wa kutibu pumu) walisema watu wazima na vijana kuanzia miaka 12 wasitibiwe tena kwa salbutamol peke yake. Na alama ya HONcode, ile iliyokuwa inathibitisha tovuti za afya, ukiikuta usiitegemee, waliokuwa wanaitoa walifunga 2022.

Ila sio kila kinachoonekana cha ajabu ni uongo. Ile ya kutoboa chupa ya plastiki ya nusu lita uchomeke pampu ni kweli kabisa, utafiti wa Cape Town wa 1999 ulionyesha chupa iliyozibwa vizuri pale kwenye tundu inafungua kifua karibu sawa na speisa ya dukani (kile chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo). Wengi wanaosema pampu haisaidii wanapuliza mdomoni moja kwa moja, dawa inaishia kwenye ulimi.

Mtoto akiwa anavuta pumzi mbavu zinabonyea, au hawezi kumaliza sentensi, weka simu chini, mpe ile ya bluu kwa speisa au hiyo chupa na muende hospitali saa hiyo hiyo, njiani endelea kumpa.