Eti Benki Kuu ndo hupanga bei ya dola kila asubuhi?

Ukikaa baraza yoyote hapa Mombasa, dola ikipanda tu utaskia "Benki Kuu wameamua kutumaliza". Sivyo jamani. Tangu 1993 shilingi inaelea, yaani bei yake hupangwa na wanunuzi na wauzaji sokoni, ile bei wanayotangaza ni wastani wa vile mabenki yameuziana dola (ingawa mara nyengine huingia sokoni wenyewe kutuliza mambo, na riba wanayoweka nayo ina mkono wake, hapo ntakubali).

Shida ni soko letu dogo. Dola zaletwa na chai, maua, watalii na ndugu zetu walioko nje. Zinatakwa na mafuta, ngano, magari ya Japani yanayoshushwa hapo Kilindini, na madeni ya serikali. Wa mafuta akija na oda kubwa siku wauzaji wamekauka, bei inaruka.

Halafu kuna hofu, na hii watu huidharau sana: 2023 wengi waliogopa Kenya itashindwa kulipa Yurobondi (deni la serikali kwa wawekezaji wa nje) ya dola bilioni 2 iliyofaa kulipwa Juni 2024, basi mwenye dola akazilalia, mwenye mzigo akanunua mapema kabla haijapanda zaidi, kumbe wao wenyewe ndo wanaipandisha, Januari 2024 dola moja ikafika kama shilingi 160. Februari serikali ikakopa bilioni 1.5 mpya kulipia sehemu kubwa ya ile ya zamani, waliozificha wakakimbilia kuuza, mwisho wa Machi tuko 130 na kitu. Chai haikuongezeka ghafla vile.

Na kama wauliza mbona dukani bei haikushuka siku hiyohiyo, mzigo ulioko kwa rafu ulinunuliwa na dola ya 160.