Tuchimbe Hadi Wapi Tunapopima Udongo wa Msingi?

Wenye majengo huniuliza kwanza upimaji wa udongo utagharimu kiasi gani. Ningefurahi zaidi kama wangeuliza tundu la uchunguzi litachimbwa hadi kina gani, kwa kuwa mzigo wa jengo haukomei pale zege linapogusa ardhi. Huendelea kushuka huku ukitawanyika, na chini ya msingi wa mraba mkazo hubaki takriban sehemu moja ya kumi pale kina kinapofikia mara mbili ya upana wa msingi. Msingi wenye upana wa mita 2, basi, huuelemea udongo hadi mita 4 hivi chini yake.

Ndiyo maana siridhiki na kipimo cha sahani ya chuma, ambayo huwekwa juu ya udongo na kubebeshwa mzigo ili kuona inatitia kiasi gani, kikifanywa peke yake. Sahani ya milimita 300 huonja milimita 600 hivi za udongo, na tabaka lililo chini ya hapo halijaguswa. Mwaka 1913, huko Transcona karibu na Winnipeg, Kanada, ghala la nafaka lilijengwa juu ya msingi mmoja mpana wa zege, wenye upana wa zaidi ya mita 23, baada ya vipimo vya sahani kuleta matokeo mazuri. Oktoba, likiwa linajazwa, lilititia sentimita 30 hivi katika muda wa saa moja, kisha likaegemea upande mmoja hadi kufikia karibu nyuzi 27 ndani ya saa 24. Zege lilikuwa imara kiasi kwamba ghala liliinuliwa na kutumika tena. Matundu yaliyochimbwa mwaka 1951 yalithibitisha kwamba chini ya mfinyanzi mgumu uliopimwa kulikuwa na mfinyanzi laini.

Ndani ya tundu, kipimo tunachotumia zaidi ni cha nyundo ya kilo 63.5, inayoangushwa kutoka kimo cha milimita 760 ili kulizamisha bomba la sampuli milimita 450. Mapigo ya milimita 150 za mwanzo hatuyahesabu, kwa sababu udongo huo umekwisha kuvurugwa na uchimbaji. Idadi ya mapigo hueleza mengi kuhusu mchanga, lakini kwa mfinyanzi laini mimi huiamini kidogo tu: pigo ni la ghafla, ilhali mfinyanzi hutitia kwa miaka mingi kadiri maji yanavyokamuliwa polepole kutoka ndani yake. Huo unahitaji sampuli isiyovurugwa, ipelekwe maabara.

Kina cha maji ya ardhini nacho kipimwe tena siku inayofuata, yakiwa yametulia, kwani mchanga uliozama majini unaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kubeba mzigo.

Na ikiwa tumefikia kina kilichopangwa, lakini bomba bado linazama kwa mapigo machache, huwa naomba tuendelee kuchimba siku hiyohiyo, mashine ikiwa bado imesimama juu ya tundu.