"Hii ni orijino?" Majibu kwa wapenzi wa roki ya kale ya Norwei

Jumamosi iliyopita kijana mmoja aliichukua På sterke vinger, santuri ya bendi ya Høst, toleo jipya, nailoni yake bado haijachanwa. Akaigeuza mara mbili, akaniuliza: "Hii ni orijino?" Nikamwambia si orijino, ni toleo jipya. Akairudisha kwenye boksi kama mtu aliyeambiwa samaki ameoza. Alikuwa wa nne siku hiyo. Nauza santuri hapa Oslo, mpya na zilizotumika, na hata ndugu zangu wa Dar wananitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, nitafutie santuri ya bendi ya Junipher Greene, lakini orijino tu, kopi sitaki." Basi leo tuyamalize.

Dhana: toleo la kwanza ndilo lenye sauti, mengine yote ni kopi

Toleo la kwanza nalo ni kopi. Kilichotoka studio ni kanda ya masta. Mhandisi akaipiga kanda hiyo huku akichonga mtaro kwenye sahani ya laka, sahani ikapakwa chuma, chuma kikazaa mihuri, mihuri ikakandamiza plastiki moto. Santuri unayoiabudu imepita mikono yote hiyo, na mkono wa mchongaji ndio mzito kuliko yote. Wachongaji wengi wa miaka ya 1970 walipunguza besi ili sindano za gramafoni za bei ya chini zisiruke. Hawakuwa wajinga, walijua wateja wao wana mashine gani nyumbani. Lakini ukisikia besi nyembamba kwenye orijino, usiseme "hiyo ndiyo sauti ya enzi". Kwenye kanda besi inaweza kuwa ipo tele.

Halafu bendi hizi za Norwei zilipenda nyimbo ndefu. Junipher Greene walitoa Friendship mwaka 1971 ikiwa santuri mbili, jambo ambalo bendi za roki za Norwei zilikuwa hazijalifanya. Kadiri upande wa santuri unavyorefuka, ndivyo mitaro inavyobanana na sauti inavyolazimika kuchongwa kwa chini, na ukipandisha volyumu unapandisha na mchakacho wa plastiki. Tena pembeni mwa santuri mtaro unapita chini ya sindano kwa kasi ya kama sentimita 50 kwa sekunde, lakini ukikaribia lebo ni kama 20 tu. Wimbo wa mwisho unabanwa palepale ambapo hawa wanamuziki hupenda kuweka kishindo chao kikubwa, ogani, melotroni (kinanda kinachopiga sauti zilizorekodiwa kwenye kanda) na ngoma zote kwa pamoja. Mwaka wa kuchapwa hauliponyi tatizo hilo.

Na hata kama mchongaji alikuwa malaika, imepita miaka zaidi ya hamsini. Hizi zilikuwa santuri za vijana. Zilipigwa kwenye sherehe, zikamwagiwa bia, zikalala bila jalada, zikapitiwa na sindano nzito zilizokwisha makali. Mtaro ukishaliwa haurudi, hata uoshe na maji ya zamzam. Nina Janus ya bendi ya Aunt Mary, ya 1973, toleo la kwanza. Jalada lake safi kabisa, nilitoa pesa ambayo mke wangu hajui hadi leo, na kila mwimbaji akitamka "s" inakwaruza kama msumari kwenye bati. Nikitaka kuusikiliza muziki wenyewe napiga toleo jipya. Orijino naitazama.

Sibishi kwamba ipo orijino inayoshinda. Ikiwa safi, haijachoka, na ilichongwa kanda ikiwa bado mbichi, itaizidi sauti toleo lolote lililotengenezwa ovyo. Na ya ovyo yapo. Ndiyo maana swali la kuniuliza ni: imechongwa kutoka kwenye nini? Lebo makini, yaani kampuni zinazotoa santuri, husema. Karisma ya Bergen, kwa mfano, imezirudisha sokoni santuri za bendi ya Ruphus, na pale unajua kuna kampuni yenye jina na mahali, mtu wa kumuuliza. Maharamia hawasemi kitu. Wao huchukua santuri ya zamani, wanainakili, wanaifuta mikwaruzo kwa programu mpaka matoazi yanalia kama yako chini ya maji, kisha wanakuuzia.

Watambue kwa jalada. Ukiona kivuli cha duara kimechapwa kwenye picha, hiyo ni alama ya santuri iliyokaa ndani ya jalada la zamani walilolipiga skani. Nimewahi kuona hata alama ya stika ya bei imechapwa. Kwenye CD tegesha sikio: mkwaruzo unaorudi kila baada ya sekunde 1.8 ni mzunguko mmoja wa santuri ya kasi ya 33⅓. Kanda ya masta haizunguki hivyo. Kisha soma maandishi yaliyochongwa kati ya mtaro wa mwisho na lebo. Pale utakuta namba, mara nyingi na saini ya mchongaji au kiwanda. Mtu anayesoma stika ya mbele bila kusoma pale, mimi humhesabu kuwa hajainunua santuri bado.

Dhana nyingine hazihitaji pumzi nyingi.

"Santuri ya gramu 180 ina sauti bora." Ndiyo, ni nzito, inapendeza mkononi. Lakini kina cha mtaro hakifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, na plastiki iliyobaki chini yake haiimbi. Masta mbaya kwenye gramu 180 ni masta mbaya yenye nauli kubwa ya posta. Kuna bwana alikuja dukani na mizani ya jikoni. Sitanii.

"Kama wamepitia dijitali, haina maana." Mwaka 2022 ilijulikana kwamba kampuni moja maarufu ya Marekani ilikuwa ikipitisha matoleo yake mengi kwenye dijitali kabla ya kuchonga. Wenye masikio ya dhahabu walikuwa wameyasifu kwa miaka, wakiapa ni kanda tupu. Faili nzuri iliyotolewa kwenye kanda ya masta, mikononi mwa mchongaji mzuri, naichukua bila kujiuliza.

"Ni za zamani, yeyote anaweza kuchapa." Hapana. Umoja wa Ulaya ulirefusha ulinzi wa rekodi mwaka 2011 kutoka miaka 50 hadi 70, na Norwei ikafuata. Get Dreamy ya bendi ya The Dream, ya 1967, bado ina wenyewe.

Na kwa kuwa nimeitaja hiyo: mpiga gita wake ni Terje Rypdal, lakini usiinunue ukitegemea ule ukungu na ukimya wa rekodi zake za baadaye za ECM, lebo ya jazi ya Ujerumani. Hapa ni kijana wa miaka ishirini aliyepagawa na Jimi Hendrix, na wimbo mmoja unaitwa kabisa "Hey Jimi". Imesharudishwa dukani mara mbili na watu wenye hasira.

Bendi za Popol Vuh nazo ni mbili. Wa Norwei si wale Wajerumani wa Florian Fricke waliopiga muziki wa filamu za Werner Herzog. Wote walichukua jina kwenye kitabu kilekile cha Wamaya, na mkanganyiko ukawafanya wa Oslo wajiite Popol Ace. Santuri yao Quiche Maya ya 1973 ni ya melotroni na sauti ya Jahn Teigen, yuleyule aliyekwenda mashindano ya nyimbo ya Eurovision mwaka 1978 akarudi na alama sifuri, na Norwei ikazidi kumpenda.

Ushauri wangu mmoja ambao hakuna anayeufuata: osha santuri hata ikiwa mpya. Inatoka kiwandani na vumbi la karatasi na mabaki ya mashine, na sindano yako ndiyo inayoyasaga. Itupe na ile bahasha ya karatasi ya ndani, weka ya plastiki laini. Na ukija Jumamosi, njoo na tochi ndogo ya kusomea maandishi ya karibu na lebo. Mizani iache jikoni.